Nani atacheza Mchina?

Wiki tatu sasa swali hilo linatuzungusha hapa Uvira. Sisi wa sendika ya wachimbaji, pamoja na vijana wa kwaya mbili na mama watwangaji waliotoka machimbo ya upande wa Fizi, tunatayarisha teatre ya nyimbo juu ya maisha ya Wachina kwetu: namna wanafika, namna wanakaa, namna wanazoea ugali na kusema "kesho" kama sisi, na namna wengine wanarudi kwao bila mtu wa kijiji kujua hata majina yao ya kweli. Kutunga nyimbo hakukutushinda. Kazi ngumu ilikuja tulipoita watu kwa testi, kila mmoja aje aonyeshe anachoweza ili tumpe nafasi yake.

Kwa nafasi ya mchimbaji walikuja wengi kupita kiasi. Kwa nafasi ya rais wa koperativi walikuja wanne, na wote wanne walisukuma tumbo mbele hata kabla ya kufungua kinywa. Kwa nafasi ya Mchina walikuja vijana saba. Sita kati yao walifanya kitu kimoja: walivuta macho kwa vidole, wakapiga kelele za puani, wakatembea hatua fupifupi kama kuku anayetafuta mchele. Watu waliokaa kwenye mabenchi walicheka mpaka machozi. Sisi tuliokuwa tunaandika pointi tulibaki na kalamu mkononi. Katika wale sita hakuna hata mmoja aliyeonyesha mtu anayefanya kazi.

Ndipo tulibadilisha testi. Badala ya kusema "onyesha Mchina", tuliuliza: huyu mtu anapigia familia yake simu saa ngapi? Wote wakajibu usiku, kama kila mtu. Wa saba, kijana aliyewahi kupika kwenye kambi moja ya machimbo kwa miezi minane, akakataa: "Hapana, ni saa saba ya muchana, wakati ya kula. Usiku ya kwetu, kule kwabo batu banalala." Ni kweli. China iko mbele yetu kwa saa sita. Saa saba ya mchana hapa, kule ni saa moja ya jioni, mtoto ametoka masomo na chakula kiko mezani. Saa nne ya usiku hapa, kule ni saa kumi ya alfajiri.

Akaendelea bila kuombwa. Akapanda juu ya benchi kana kwamba ni rundo la mchanga, maana pale kambini mtandao unapatikana juu ya mchanga tu. Mkono wa kushoto bakuli, wa kuume simu. Uso unachekea simu. Wakati huohuo mguu unaonyesha vijana wa motopompi waanze kazi, saa ya kula imekwisha. Sauti yake ilikuwa ya baba anayembembeleza mtoto, mguu ulikuwa wa kapita. Mchimbaji mmoja nyuma akasema, "Ni yeye kabisa." Hakuna aliyecheka.

Msomaji anaweza kuuliza sendika inatafuta nini katika teatre, wakati mashimo yanaanguka na mishahara haifiki. Jibu letu ni la kazi. Tumekwisha gawa karatasi nyingi juu ya Sheria ya Madini, ile ya 2002 iliyorekebishwa mwaka 2018. Karatasi ziko kwa Kifaransa cha avoka. Watu wanafungia maandazi. Sheria hiyo inasema kadi ya mchimbaji wa mkono inapewa Mkongomani mtu mzima, naye awe ndani ya koperativi. Mgeni haruhusiwi. Lakini kwenye machimbo mengi tumeona jina la koperativi linabaki kwenye kibao, na mashini zote zinazochimba ni za mtu mwingine aliyeitwa "patna". Jambo hilo ukilieleza kwa maneno, mtu analala. Ukimpa kijana mmoja kibao ashike mbele ya watu, na nyuma yake mwingine anapita na mashini, hata mtoto anaelewa.

Na si sisi tuliovumbua njia hiyo. Wazee waliofanya kazi Katanga wanakumbuka kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, mji wa shaba, waliocheza kwa Kiswahili cha watu wa kazi. Mwaka 1986 walitoa mchezo mzima kutoka msemo mmoja, kwamba mamlaka huliwa mazima. Hawakuandika maneno kwanza. Walikaa, wakabishana juu ya msemo, wakagawana nafasi, wakajaribu, mchezo ukaota kutoka mabishano. Sisi tunafuata njia hiyohiyo, ila tunaongeza nyimbo, maana watu wa ziwa hili bila wimbo hawakai saa mbili.

Kuna sababu nyingine, na hiyo ni nzito. Mwezi wa nane 2021 gavana wa Kivu ya Kusini alisimamisha kampuni za Wachina zilizokuwa zinachimba dhahabu huko Mwenga, kisha malalamiko ya wenyeji juu ya mito na mashamba yao. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule, watu wenye silaha walivamia kambi ya machimbo Mukera, katika Fizi. Polisi mmoja aliuawa, na Wachina watano walichukuliwa. Kwa hiyo mtu anaposimama mbele ya umati hapa kwetu kuigiza Mchina, anashika kitu chenye moto. Ukimfanya nyani wa kuchekwa, kesho kijana mwenye hasira ataona kumpiga nyani si kosa. Ukimfanya malaika aliyeleta maendeleo, umemsaliti mchimbaji ambaye mto wake umegeuka tope. Testi zote tunazofanya zinapita katikati ya mashimo hayo mawili.

Kijana wetu mmoja anayesoma Bujumbura alituletea filamu ya Kimarekani kwenye kompyuta yake, tukaitazama watu kumi na tano kwenye kioo kidogo. Inaitwa Flower Drum Song. Kabla ya kuwa filamu mwaka 1961 ilikuwa teatre ya nyimbo, iliyofunguliwa New York tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1958. Watungaji ni Rodgers na Hammerstein, na hadithi imetoka katika kitabu cha C. Y. Lee, Mchina aliyezaliwa Hunan na kuhamia Marekani. Inaonyesha mtaa wa Wachina wa San Francisco. Baba mzee hataki kuacha desturi na hataki hata kuweka pesa benki. Mtoto wake anataka kuchagua mke mwenyewe, na binti mgeni ameingia nchini bila karatasi ili aolewe na mtu ambaye hamtaki. Shemeji wa mzee anasoma masomo ya uraia, na siku anapomaliza wanafanya karamu. Kwa watu wetu mambo hayo hayakuhitaji mtafsiri. Mama mmoja alisema yule mzee ni baba mkwe wake kabisa.

Kilichotushika zaidi ni habari ya namna walivyotafuta wachezaji, kwa sababu walikuwa na shida yetu. Mwaka ule wa 1958 Broadway haikuwa na desturi ya kumpa Mchina nafasi kubwa. Wakuu wa mchezo walizunguka kutafuta, na Gene Kelly aliyeuongoza alimkuta mmoja katika klabu ya usiku ya San Francisco iliyoitwa Forbidden City. Mtu huyo alikuwa Mmarekani wa asili ya Japani, jina lake Goro Suzuki. Akaingia mchezoni na jina Jack Soo, ili lisikike kama la Kichina. Binti mgeni alichezwa na Miyoshi Umeki, Mjapani. Mchezaji wa klabu alichezwa na Pat Suzuki, naye wa asili ya Japani. Wakati wa vita ya pili ya dunia familia za watu kama hao, pamoja na Pat Suzuki na Jack Soo wenyewe, zilifungiwa kambini na serikali ya Marekani kwa sababu ya damu yao tu. Miaka michache baadaye wanaitwa kuimba juu ya uzuri wa kuwa Mmarekani! Sammy Fong, mwenye klabu, alichezwa na Mzungu, Larry Blyden, aliyepakwa rangi usoni. Na yule shemeji anayepata uraia alichezwa na Juanita Hall, mwanamke mweusi wa Marekani, kwenye teatre na tena kwenye filamu.

Hapo tulibishana mpaka giza likaingia. Wengine walisema: mnaona, hata Mwafrika anaweza kucheza Mchina, na alipigiwa makofi. Wengine wakajibu kwamba Juanita Hall alipewa uso wa Kichina kwa sababu Broadway haikuwa na nafasi nyingi za mwanamke mweusi mwenye sauti kama yake, na Mchina naye alinyimwa nafasi yake mwenyewe. Wanyonge wawili, kiti kimoja. Sisi tunaona hawa wa pili ndio wenye haki, ingawa tofauti ipo: New York ilikuwa na Wachina wanaoweza kuimba, haikuwataka tu. Sisi tulikaribisha, hakuna aliyekuja. Mwaka 2002 mwandishi David Henry Hwang, mtoto wa wahamiaji Wachina, aliandika upya mchezo ule, ukachezwa Broadway na watu wa asili ya Asia. Miaka arobaini na minne ilipita kati ya ule wa kwanza na huo.

Katika nchi yetu Mchina si mgeni wa jana, na jambo hili vijana wengi hawakulijua. Mwaka 1892, wakati reli ya Matadi kwenda Léopoldville inajengwa na watu wanakufa kama nzige, waliletwa Wachina 540. Mwandishi Mmarekani Adam Hochschild anaeleza kwamba 300 kati yao walikufa kazini au walikimbilia porini. Baadhi ya waliokimbia walionekana baadaye zaidi ya kilomita 800 ndani ya nchi. Walikuwa wanatembea kuelekea jua linapotoka, wakitafuta pwani ya mashariki, wapate njia ya kwenda kwao.

Kuelekea jua linapotoka ni kuelekea kwetu. Hatusemi kwamba walifika ziwani, hakuna anayeweza kusema hivyo. Lakini mtunzi wetu wa nyimbo, ambaye mchana ni fundi wa pikipiki hapa Mulongwe, aliposikia habari hiyo aliacha spana chini na hakurudi kazini siku nzima. Kesho yake alikuja na wimbo wa watembeaji, bila jina la mtu ndani yake kwa sababu majina hayakubaki. Unaimbwa na kwaya nzima, wachimbaji na Wachina wakichanganyika, ngoma moja tu inayopiga hatua. Ndio wimbo pekee ambao hatujabadilisha hata neno.

Upande wa Afrika Kusini hesabu ni kubwa zaidi. Kuanzia 1904, makampuni ya dhahabu ya Witwatersrand yalileta Wachina zaidi ya 60,000 kwa mikataba ya miaka mitatu, wakafungiwa kambini, wakachapwa viboko, na kufikia 1910 wote walikuwa wamerudishwa. Waliletwa kwa sababu Waafrika walikuwa wamekataa mshahara uliopunguzwa. Kwa mtu wa sendika, sentensi hiyo peke yake inatosha kwa mkutano mzima: tajiri wa mgodi alimtumia Mchina kumvunja Mwafrika, na Mchina mwenyewe alivunjwa palepale. Tumeiweka katika mchezo kama hadithi anayosimulia mzee mmoja kando ya moto. Vijana wanataka kuifupisha, sisi tumekataa.

Sasa tuje kwa mama mtwangaji. Alikaa siku mbili bila kusema kitu, na siku ya tatu akasimama katikati ya testi. "Bwana yangu udongo ilimufunika ndani ya shimo. Hakuna mutu alimuimbia. Leo munakusanyika kuimbia Muchinwa?" Kimya kikaingia. Mwenyekiti wetu alijaribu kumjibu kwa maneno ya umoja wa wafanyakazi wa dunia yote, tukamvuta shati akae. Mama alikuwa na haki. Tulimuuliza kama angependa kuimba yeye. Akasema hana sauti. Akachukua mchi uliokuwa umeletwa kama chombo cha mchezo, akaanza kutwanga hewani, na kwenye kila pigo akataja kitu kimoja alichouza kisha mazishi: redio, godoro, mabati mawili, mbuzi. Sauti yake ni nzito, inakwaruza. Hatukuandika pointi. Wimbo wake ndio unaofungua mchezo, kabla ya Mchina yeyote kuonekana, na yeye ameomba kijana mpishi asimame palepale nyuma akiwa na bakuli lake, anasikia lakini haelewi lugha.

Juu ya lugha tulikuwa na ugomvi mwingine. Vijana walitaka Mchina aimbe Kiswahili kilichovunjika, watu wacheke. Mpishi alisema si kweli kabisa. Wale aliowapikia walivunja maneno yote isipokuwa hesabu: mia tano, elfu mbili, gramu tatu, hapo hawakukosea hata siku moja. Basi katika mchezo Mchina anaanza na hesabu safi tu, na kadiri miezi inapita anaongeza neno moja moja: maji, mvua, polepole, mgonjwa. Neno "rafiki" tumelitoa. Mpishi alisema hakulisikia kambini, na sisi hatutaki kulipanda pale ambapo halikuota.

Na tusijidanganye kwamba sisi wenyewe tumekaa hapa na Kiswahili tangu milima iumbwe. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 walikuta njia ya misafara imekwisha funguliwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani. Walikuja kutafuta pembe na watumwa, jambo la aibu na la machozi. Baadhi yao walibaki, wakaoa, wakazika wazee wao kando ya ziwa hili, na leo lugha yao ndiyo tunayotumia kubishana bei ya samaki, kusali, na kuandika katika ukurasa huu wa gazeti. Mkaaji mmoja wa Kalundu alituambia wakati wa majaribio: "Mugeni akikaa hawezi kuwa muzuri au mubaya peke yake, anakuwa jirani, na jirani munamushitaki kwa chef." Tumempa nafasi ya chef wa kijiji hapohapo.

Je, Mchina wa kweli alionekana? Mmoja, mfanyabiashara anayepita mpaka wa Gatumba kwenda na kurudi Bujumbura. Alikuja na jirani yake wa dukani, akakaa benchi la nyuma, akaomba maji ya moto. Ndipo tulipojua mpishi wetu alikuwa anakosea kitu kimoja: alimwonyesha Mchina anakunywa maji baridi ya chupa. Kucheza alikataa, akisema ana mzigo forodhani. Lakini kabla ya kuondoka aliuliza kwa Kiswahili chake kizuri: "Ndani ya mchezo, Mchina anakufa?"

Hatukuwa na jibu. Mwisho wa mchezo bado haujaamuliwa, na tangu siku ile tumegawanyika mara tatu. Kundi moja linataka afe ndani ya shimo pamoja na wachimbaji wawili, kwa sababu udongo haumchagui mtu. Kundi la pili linataka arudi kwao na dhahabu, kwa sababu ndivyo wanavyoona kila siku. La tatu linataka abaki, aoe, watoto wake waitwe majina ya hapa, naye azeeke akiuza motopompi sokoni. Mama mtwangaji yuko na kundi la pili. Anasema akifa watu watamlilia yeye na kumsahau bwana wake, na akioa watapiga vigelegele na kusahau yote. Arudi tu, mkoba mkononi, na jukwaani abaki kibao cha koperativi. Mpishi yuko na kundi la tatu. Kura itapigwa baada ya nyimbo zote kukamilika, na kila mwenye nafasi ana kura moja, hata mpiga ngoma.

Jambo moja linabaki wazi kabisa, nafasi ya mtafsiri. Hakuna anayeitaka. Kwenye machimbo mtafsiri anachukiwa kupita patroni: kwa wachimbaji anasema bosi hana pesa wiki hii, kwa bosi anasema wachimbaji wameridhika, na pande zote mbili zinamlipa. Waliojaribu wamemcheza kama nyoka, na sisi tunatafuta mtu atakayeonyesha pia kwamba ana watoto wanne na kwamba bila yeye hakuna anayesikia mwenziwe. Testi yake itakuwa Jumamosi saa tatu ya asubuhi, nyuma ya kanisa, upande usiofikiwa na maji ya ziwa. Kuimba si lazima, lakini ajue kusema uongo bila kukunja uso. Mwenye kutaka kutazama aje na kiti chake, kwa sababu mabenchi ni ya shule na mwalimu amekwisha yadai mara mbili.